Pedi za kutupa, pedi za kufua, chupi za hedhi au kikombe: kipi kimfae binti anayeanza hedhi?

Binti anapovunja ungo, jambo la kwanza linaloulizwa nyumbani ni anunuliwe nini. Kabla ya kujibu kuna mambo manne ya kutazamwa, nayo huamua uchaguzi kuliko ubora wa kifaa chenyewe: anakaa mbali na nyumbani saa ngapi kwa siku, choo anachokitumia huko kina maji, mlango unaofungwa na mahali pa kutupia taka, ana pa kuanikia nguo zake za ndani bila kuzificha, na yuko tayari kiasi gani kuugusa mwili wake mwenyewe. Kifaa kilekile kinachomstarehesha msichana mmoja humletea mwenzake muwasho na harufu kwa sababu mazingira yake hayampi nafasi ya kukitumia inavyotakiwa. Kwa hiyo katika ulinganisho huu kila kifaa kitapimwa kwanza kwa kile kinachodai kutoka kwa mtumiaji, na baadaye kwa kile kinachompa.

Ni vyema pia kujua ni kitu gani hasa kinachokingwa. Wasichana wengi huanza hedhi wakiwa na umri kati ya miaka 10 na 15, na damu hutoka kwa siku 2 hadi 7. Ingawa kwa macho huonekana nyingi, kwa kawaida damu ya hedhi moja nzima ni mililita 30 hadi 40 hivi, sawa na vijiko vikubwa viwili au vitatu, na sehemu kubwa yake hutoka katika siku mbili tatu za mwanzo. Kukijua kiasi hicho humwondolea binti hofu kwamba anaishiwa damu, na humwonyesha mzazi kwamba hakuna haja ya kununua pedi nene kuliko zote kwa siku zote. Jambo jingine ni kwamba katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo mzunguko haujatulia: kwa vijana, siku 21 hadi 45 kutoka hedhi moja hadi nyingine ni kawaida. Binti hawezi basi kuitegemea kalenda peke yake, na kifaa chake cha kwanza kinapaswa kuwa kile anachoweza kukiweka kwenye mkoba siku zote na kukivaa hata kabla damu haijaonekana. Hapo tayari pedi na chupi za hedhi zinatangulia, maana tamponi, kile kipande cha kufyonza damu kinachoingizwa ukeni, haiingizwi mahali pakavu kwa ajili ya tahadhari tu.

Pedi za kutupa na pedi za kufua

Hizi mbili ndizo zinazoshindana kweli kweli katika nyumba nyingi, kwa sababu zote huvaliwa nje ya mwili na kujifunza kuzitumia hakuchukui muda.

Pedi ya kutupa ina tabaka laini la juu linalopitisha damu. Katikati pana nyuzi zitokanazo na miti, ambazo mara nyingi huchanganywa na unga unaogeuka jeli ukilowana. Na chini pana plastiki yenye gundi ya kushikia chupi. Nguvu yake kubwa ni kwamba haidai maji ya kufulia wala kamba ya kuanikia. Msichana anaibandua ya zamani, anaikunja upande wenye damu ukiwa ndani, anaifunga kwa karatasi ya ile mpya, anaitupa, na kazi imekwisha.

Inachodai ni fedha kila mwezi na mahali pa kutupia. Akibadilisha mara 4 kwa siku kwa siku 5, anahitaji pedi 20 kwa hedhi moja, na kwa mwaka wenye hedhi 12 ni pedi 240. Hesabu hii ifanywe kwa uwazi kabla ya kuchagua, kwa sababu pale pakiti ya pedi nane inapotakiwa kumaliza siku zote tano, binti hulazimika kukaa na pedi moja kutwa nzima, na hapo ndipo madhara yanapoingia. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa, na mapema zaidi damu ikiwa nyingi, maana joto, unyevu na msuguano vikikaa pamoja huleta harufu, michubuko na upele wa mapajani. Pedi zenye manukato hazipunguzi tatizo hilo. Kwa baadhi ya wasichana manukato yenyewe ndiyo chanzo cha muwasho, na binti anayeanza hana sababu ya kupewa pedi za namna hiyo.

Kuhusu kutupa, pedi haiingii katika choo cha kuvuta maji, kwa kuwa hunywa maji, huvimba na kuziba bomba. Na katika choo cha shimo hujaza shimo, plastiki yake ikidumu humo kwa miaka mingi sana. Shule inayogawa pedi bila kuweka ndoo yenye mfuniko ndani ya choo cha wasichana imefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayowafanya wasichana wakae darasani na pedi iliyotumika ndani ya mkoba, wakihofia kila anayeusogelea.

Pedi ya kufua hushonwa kwa tabaka za pamba au flaneli, ikawekwa chini kitambaa kisichopitisha maji, na mabawa yenye kifungo yanayoizunguka chupi. Ikitunzwa vizuri hudumu mwaka mmoja hadi mitatu. Pedi 6 hadi 8 humtosha msichana mmoja, kwa kuwa wakati moja imevaliwa nyingine iko kwenye maji na nyingine ziko kambani. Anayepewa mbili tu hajapewa kitu cha kumtosha, na atajikuta anavaa iliyo mbichi.

Ufuaji wake una utaratibu ambao haupunguzwi. Kwanza pedi huloweshwa katika maji ya baridi, si ya moto, kwa sababu joto hugandisha protini za damu ndani ya nyuzi na doa likakataa kutoka. Maji hubadilishwa mpaka yatoke bila wekundu. Ndipo pedi hupakwa sabuni ya kawaida, ikafikichwa, hasa kwenye mshono wa katikati ambako damu hujificha, kisha ikasuuzwa mpaka utelezi wa sabuni uishe, kwa kuwa sabuni inayobaki nayo huwasha. Baada ya hapo huanikwa juani hadi ikauke mpaka ndani. Namna rahisi ya kuhakikisha ni kuikunja katikati na kuibana kwa vidole: ikihisiwa ubaridi ndani ya mkunjo, bado ina maji, na isivaliwe.

Kinachoiharibu pedi ya kufua ni kufichwa. Msichana anayeona haya kuianika mbele ya baba, kaka au wenzake wa bwenini huiweka chini ya godoro, nyuma ya kabati au katikati ya nguo nyingine, na asubuhi huivaa ikiwa na unyevunyevu. Kitambaa kibichi kwenye ngozi yenye joto ni makao mazuri ya fangasi na bakteria, na muwasho unaofuata hubebeshwa pedi. Mzazi akitenga kamba moja yenye faragha lakini inayofikiwa na jua, au akikubali pedi ianikwe chini ya kitambaa chepesi kwenye kamba ya wote, atakuwa amemsaidia binti yake kuliko kwa kumnunulia pedi za gharama. Kwa wanaolala bweni, jambo hili ni la matroni kulipanga. Haifai kuachiwa mtoto wa miaka 12 alitafutie njia peke yake.

Kitambaa cha kujikatia nyumbani hakistahili kudharauliwa. Nguo ya pamba iliyolainika kwa kuvaliwa, ikikatwa vipande, ikakunjwa tabaka kadhaa na kufuliwa kwa utaratibu huohuo, hufanya kazi ipasavyo. Visivyofaa ni kitambaa cha nailoni, sponji ya godoro, karatasi za chooni na pamba iliyochambuliwa kwa mkono, ambavyo ama havifyonzi ama huacha vipande mwilini.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu, pedi ya kutupa yenye jeli huishinda ya kufua katika siku za damu nyingi, kwa kuwa jeli haiachii kirahisi ilichokifyonza hata msichana akiketi kwa muda mrefu, ilhali kitambaa kilichojaa hukamuka. Kwa ngozi nyeti, pamba hushinda. Kwa fedha, pedi za kufua hudai zaidi siku ya kununua na kidogo sana baadaye, mradi sabuni na maji vipo; palipo na uhaba wa maji, faida hiyo hupungua haraka, kwani maji ya kufulia nayo hununuliwa au huchotwa kwa jasho. Kwa shule isiyo na maji chooni, ya kutupa inafaa zaidi, na kwa shule isiyo na pa kutupia, ya kufua ikibebwa ndani ya mfuko mdogo usiopitisha maji humwezesha msichana kurudi nayo nyumbani bila wasiwasi. Maoni yangu ni kwamba kwa nyumba yenye maji na kamba ya kuanikia, za kufua ziwe za kila siku, na pakiti moja ya za kutupa iwekwe kwa ajili ya siku mbili za mwanzo, safari na mitihani. Pasipo na maji wala faragha, za kutupa ni salama zaidi, hata kama bajeti italazimika kupunguzwa mahali pengine.

Chupi za hedhi

Chupi ya hedhi hufanana na chupi ya kawaida, isipokuwa katikati yake imeshonewa tabaka za kufyonza na tabaka moja la kuzuia kuvuja. Sifa yake ni kwamba haina cha kubandika wala cha kuteleza, kwa hiyo humfaa binti anayelala kwa kujigeuzageuza, anayecheza michezo, au ambaye siku zake bado hazina mpangilio na anataka kuvaa kinga kabla ya damu kuonekana. Naiona pia kuwa ndiyo inayomfaa zaidi msichana mwenye ulemavu wa mikono, wa macho au wa akili, ambaye kuipanga pedi mahali pake humsumbua au hugeuka ugomvi na anayemhudumia.

Upungufu wake ni mtu kulazimika kuvua nguo zote za chini ili aibadilishe, jambo gumu katika choo chembamba chenye sakafu iliyolowa. Vilevile hukauka polepole kuliko pedi ya kufua kwa sababu ya unene wake. Hufuliwa kwa maji ya baridi na bila vilainisha nguo, ambavyo huziba nyuzi zikashindwa kufyonza. Baadhi ya chupi hizi zimewahi kukutwa na kemikali za jamii ya PFAS, zinazotumika kuzuia maji na madoa na ambazo hazioi kirahisi, hivyo ni busara kuchagua zile ambazo mtengenezaji ametamka wazi kwamba hazina kemikali hizo. Kwa wengi hii ni nguo ya usiku na ya siku za mwishoni, ikisaidiana na pedi, wala haitoshi peke yake kwa hedhi nzima.

Kikombe cha hedhi

Kikombe ndicho kinachozua hofu nyingi, na ndicho pia chenye faida kubwa kwa anayekizoea. Ni kikombe kidogo laini cha silikoni ya kitabibu, chenye umbo la kengele, ambacho huingizwa ukeni na kukinga damu badala ya kuifyonza. Kwa kawaida huchukua mililita 20 hadi 30, kinaweza kukaa hadi saa 12 kulingana na wingi wa damu na maelezo ya mtengenezaji, na kimoja hudumu hadi miaka 10. Linganisha na zile pedi 240 za mwaka mmoja. Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Public Health yaliona kwamba kikombe huvuja sawa na pedi na tamponi au pungufu yake, na kwamba wanawake na wasichana huchukua miezi kadhaa kukizoea, lakini wengi waliokizoea walitaka kuendelea nacho.

Kinachodai ni cha namna nyingine. Mikono lazima ioshwe kwa sabuni kabla ya kukigusa. Mdomo wa kikombe hukunjwa kwa vidole hadi uwe mwembamba, kikaingizwa kuelekea upande wa mgongo, kikaachiwa kijifungue chenyewe. Akizungusha kidole kwenye kitako chake na kuhisi mviringo usio na bonde, kimefunguka. Wakati wa kukitoa, kosa la wengi ni kuvuta kile kijiti cha chini, jambo linaloumiza kwa sababu kikombe kimejishika kwa mvutano wa hewa. Kitako hubinywa kwanza ili hewa iingie, ndipo kikashushwa taratibu kikiwa wima. Ndani ya siku za hedhi hutosha kukimwaga na kukisuuza kwa maji safi ya kunywa, na kati ya hedhi moja na nyingine huchemshwa kwa dakika 5 hivi katika sufuria yake, maji yakiwa mengi ya kutosha ili kisiguse chini kikaungua. Hakiazimwi kamwe, hata kwa dada wa tumbo moja.

Swali la kizinda lazima lijibiwe bila kuzungukazunguka, kwa kuwa ndilo lililo moyoni mwa wazazi wengi. Kizinda ni utando unaovutika, ambao kwa kawaida hauzibi njia yote, ndiyo maana damu ya hedhi hupita. Kikombe au tamponi inaweza kuutanua au kuuchana kidogo, kama yanavyoweza mazoezi ya mwili, na wasichana wengine huzaliwa nao ukiwa mdogo sana. Ubikira ni suala la kujamiiana, na hali ya kizinda haiwezi kuuthibitisha wala kuukanusha. Hata hivyo, familia isiyoridhika na jambo hili isishinikizwe, na binti asiyetaka asilazimishwe hata kama mama yake anakitumia kwa furaha. Mwili uliokaza kwa hofu hukifanya kikombe kiumize.

Umri peke yake si kizuizi, kwani kuna wasichana wadogo wanaokitumia vizuri, na vipo vikombe vya saizi ndogo vilivyotengenezwa kwa ajili yao. Lakini singempa binti wa miaka 11 kikombe kuwa kifaa chake cha kwanza. Apite kwanza miezi kadhaa na pedi, aujue mwili wake na siku zake, kisha akiuliza mwenyewe afundishwe na mwanamke anayekitumia au na muuguzi, ajaribu nyumbani siku ambayo hana shughuli, akiwa amevaa pia pedi nyembamba kama akiba.

Tamponi nitaipitia kwa ufupi. Ni kipande cha pamba au rayoni kinachofyonza damu kikiwa ndani ya uke, na faida yake ya wazi kwa msichana ni kuogelea. Huunganisha ugumu wa pande zote mbili: huingizwa mwilini kama kikombe, na hununuliwa kila mwezi kama pedi. Hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 8, na isipite saa 8, kwa sababu ya ugonjwa adimu lakini hatari unaosababishwa na sumu ya bakteria. Mwaka 1980 nchini Marekani visa vyake viliongezeka sana miongoni mwa watumiaji wa tamponi zenye uwezo mkubwa wa kufyonza, na aina moja iliondolewa sokoni mwezi Septemba mwaka huo. Kikombe nacho kimewahi kuhusishwa na ugonjwa huo, ingawa kwa nadra sana. Homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha, kizunguzungu na upele unaofanana na ngozi iliyounguzwa na jua ni dalili za kutoa kifaa mara moja na kwenda hospitali. Msichana anayelala usingizi mrefu, au anayesahausahau, asitumie tamponi usiku.

Ambacho hakuna kifaa kitakachokitatua

Wapo wazazi ambao, binti akilalamika kwamba anajichafua, humwongezea unene wa pedi mwezi baada ya mwezi. Pedi inayojaa kwa saa moja au mbili, kwa saa kadhaa mfululizo, ni jambo la daktari, na vivyo hivyo damu inayozidi siku 7, mabonge makubwa kuliko sentimita 2.5, maumivu yanayomlaza asiende shule, au hedhi inayopotea kwa zaidi ya siku 90. Damu nyingi ya miezi mingi humwachia msichana upungufu wa damu, akawa mchovu na mzito darasani, na pedi nzuri inaweza hata kulificha tatizo kwa kuwa nguo hazichafuki tena. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuanza naye aonwe na daktari. Na kwa kifaa chochote atakachotumia, sehemu za nje huoshwa kwa maji safi, zikapanguswa kutoka mbele kwenda nyuma; ndani ya uke hakuingizwi sabuni, ndimu wala manukato, kwa kuwa uke una bakteria wake wazuri wanaoulinda, na kuwaosha ni kufungua mlango wa maambukizi.

Kwa binti wa shule ya kutwa anayerudi kwenye nyumba yenye maji, basi, mpango wenye busara ni pedi 6 za kufua, pakiti moja ya za kutupa na chupi moja ya hedhi kwa ajili ya usiku. Anayelala bweni apewe za kutupa za kutosha muhula mzima, zihesabiwe kabla hajaondoka nyumbani, na za kufua ziongezwe pale tu mzazi anapojua kwamba huko kuna kamba ya wasichana. Aliye na miaka 15 au zaidi, mwenye hedhi iliyotulia na moyo wa kujaribu, anaweza kuanza kikombe wakati wa likizo, huku pedi zake zikibaki kabatini kwa ajili ya siku ambazo hatajisikia kukitumia. Na kila mmoja wao awe na kifuko kidogo mkobani chenye pedi mbili, chupi safi moja na mfuko usiopitisha maji. Baada ya hedhi tatu hivi aulizwe tena, faraghani, kipi kinamkera na kipi kinamfaa, na mpango ubadilishwe kwa kufuata majibu yake.